Mtoto Aliyehesabiwa Ziwani

Kazi yangu ni kupandisha usipa na kuteremsha maharage. Usipa, wale dagaa wembamba wa Ziwa Nyasa, nawanunua ufukweni wakiwa bado vichanjani na nawauza Mbinga mjini. Maharage nayanunua Mpepai na vijiji vingine vya milimani, nayashusha ziwani. Kazi hii inamfundisha mtu kuhesabu mara mbili. Mara ya kwanza unahesabu mbele ya muuzaji ili aone kwamba unahesabu. Mara ya pili unahesabu peke yako ili ujue alivyokupunja. Nimezoea hivyo mpaka nyumbani. Nahesabu sahani kabla wageni hawajala na wakishaondoka. Nahesabu vifaranga. Kona za barabara ya kushuka Mbamba Bay nimezihesabu mara mbili nikapata majibu mawili, nikaachana nazo.

Kwa hiyo mama yetu alipofariki hakuna aliyeuliza wasifu utaandikwa na nani. Walinipa daftari na kalamu hata machozi hayajakauka.

Kwetu marehemu hazikwi kimya. Kabla jeneza halijashushwa, mtu wa familia anasimama na karatasi na kusoma: marehemu alizaliwa wapi, alibatizwa lini, aliolewa na nani, ugonjwa ulianzaje, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Sehemu ya ugonjwa watu wanaisikiliza kwa huruma. Sehemu ya hesabu wanaisikiliza kwa makini. Wapo wanaokuja msibani kwa ajili ya sehemu hiyo tu, na wali.

Nilikaa nyuma ya jiko la msiba, juu ya gunia la mkaa, nikaanza. Hesabu ya kwanza nikapata watoto saba. Nikarudia. Nikapata sita.

Huyo aliyeingia na kutoka alikuwa mama mdogo.

Mama alikuwa mtu wa ufukweni. Kabla hajapanda huku milimani kuolewa na baba alikuwa tayari ana mtoto wa kike wa miaka miwili. Ukoo wa baba ulimchukua mama, mtoto haukumchukua. Akabaki kwa bibi ziwani, akakua akimwita bibi "mama", na mama yetu akimwita "dada". Sisi tulipozaliwa tulikuta mambo yameshapangwa: yule wa ziwani ni mama mdogo, mwamkieni. Tukamwamkia. Hakuna aliyetudanganya waziwazi, na hakuna aliyetuambia. Nikiwa darasa la sita niliwaona yeye na mama wamekaa mkekani wanachambua maharage, miguu wameinyoosha. Vidole vya miguu vilikuwa vilevile, cha pili kirefu kuliko kidole gumba. Nikatazama vyangu. Nikafunika miguu kwa sketi ya shule, nikaenda kuchota maji.

Kulikuwa na jambo lingine nililolijua bila kulijua. Huku milimani mama aliitwa kwa jina langu, kama mwanamke yeyote anavyoitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Sokoni, kanisani, zahanati, alikuwa Mama Fulani, na huyo fulani ni mimi. Lakini kila tuliposhuka ziwani, watu wa kule walimwita kwa jina lake la usichana. Nilidhani ni mapenzi tu. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba kule wasingeweza kumwita kwa jina langu mbele ya yule mwingine, na kwa jina la yule mwingine walikatazwa.

Nikachukua daftari langu, nikaenda kwa baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao cha familia.

"Baba mdogo, nimekwama kwenye watoto."

"Umekwama nini? Wewe ni wa kwanza, yule wa mwisho yuko pale anakata vitunguu. Hesabu walio katikati."

"Na mama mdogo?"

Akatazama kule wanaume walikokuwa wanachimba. "Bibi yenu wa ziwani alipofariki, wasifu ulisomwa au haukusomwa?"

"Ulisomwa."

"Yeye alisomwa wapi?"

"Mtoto wa mwisho wa bibi."

"Basi ameshahesabiwa. Wewe si ndiye unajitapa kuhesabu mara mbili? Maharage hesabu mara mbili. Mtu anahesabiwa mara moja."

Ningeweza kubishana naye. Mimi ni mtu wa kubishana, nimewahi kubishana na mwenye duka la misumari Kitai mpaka akaniuliza kama ninajenga hoteli. Siku ile sikubishana. Nilijiambia ni heshima ya mama, tusimvue nguo siku ya kuzikwa. Hilo lilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilipenda kuwa wa kwanza. Nilikuwa nimeshakuwa wa kwanza kwa miaka hamsini na kitu, na cheo hicho sikutaka kukipeleka sokoni.

Nikaandika: "Marehemu ameacha watoto sita."

Makaburi yetu yako kando ya shamba la ngolo, yale mashimo tunayolimia kwenye mteremko ili udongo usikimbie. Nilisimama pale nikasoma kwa sauti, sikukosea hata neno. Mama mdogo alikuwa amesimama upande wa kushoto. Alikuwa amefika asubuhi na beseni la usipa kichwani, mchango wake, na kitenge kilichofanana na vyetu, kwa sababu mdogo wetu wa mwisho alimpelekea kipande bila kumuuliza mtu. Ikafika zamu ya mashada. Katekista akaita, "Watoto wa marehemu." Tukaenda sita. Mama mdogo alikuwa ameshika ua moja la plastiki. Niliona mguu wake wa kulia ukinyanyuka, halafu ukarudi chini. Katekista akaita wadogo wa marehemu. Akaenda na hao.

Alikaa msibani siku tatu, akaosha masufuria, akapanda basi akashuka kwake.

Sasa nieleze kuhusu mchwa. Baba alitangulia miaka mingi kabla ya mama, na wasifu wake ulikuwa kwenye daftari, ndani ya sanduku la mbao, chini ya kitanda. Tulipolifungua baada ya msiba wa mama tulikuta mchwa wamekula kuanzia kuzaliwa mpaka ndoa. Wameacha ugonjwa na kifo. Picha zake mbili zilikuwa kwenye simu yangu ya zamani, na simu hiyo ilinitoka mkononi nikiwa napanda boti Mbamba Bay. Kwa hiyo baba yetu, aliyeishi miaka sabini, kwa maandishi amebaki na wiki tatu za kuumwa tumbo.

Nikaapa mama hatakuwa hivyo.

Pale Mbinga mjini, karibu na stendi, kuna steshenari ya dada mmoja mwenye miwani. Anachapa barua, anatoa fotokopi, na ana elimu ya kompyuta kuliko mji wenyewe unavyostahili. Nikamuuliza kama kuna mahali pa kutunza maandishi pasipo na mchwa wala maji.

"Papo, mama. Panaitwa blokcheni."

"Ndiyo nini?"

Alinieleza vizuri, ni haki yake niseme hivyo. Akasema nifikirie daftari moja ambalo nakala zake ziko kwa watu wengi sana dunia nzima. Ukiandika ukurasa, wote wanauandika. Na kila ukurasa umeshonwa na ule uliotangulia, kama mshono wa gunia ambao ukivuta uzi mmoja, gunia zima linakuonyesha umevutwa wapi. Mtu akitaka kubadilisha ukurasa wako kwa siri itambidi ashone upya daftari lote, kwa watu wote, siku moja. Haiwezekani.

"Bei?"

"Unalipa mara moja tu. Inakaa milele."

"Nikilipia nusu ya milele?"

Akacheka, miwani ikamshuka puani. "Haikatwi, mama. Bei inategemea ukubwa. Maneno ni mepesi. Picha ndiyo inakula nafasi."

"Marehemu alikuwa mwembamba."

"Mama, hatupimi marehemu, tunapima picha."

Nikambana mpaka akakubali picha moja ndogo kwa bei ya maneno, na akanitengenezea juu yake kibao cha bati chenye kile kimraba cha madoadoa meusi kama kile cha kulipia dukani. Ukikielekezea kamera ya simu, wasifu unafunguka. Kibao tutakipigilia kwenye msalaba.

Kabla sijalipa nikamuuliza, "Haifutiki?"

"Haifutiki."

Nikatoka nje, nikanunua karanga, nikarudi. "Hata mimi mwenyewe nikitaka?"

"Hata wewe mwenyewe, mama. Hata mimi. Hata nikifunga ofisi hii nikaenda kulima."

"Vizuri," nikasema. Nilisema vizuri. Nakumbuka mpaka ladha ya karanga.

Mwaka ulipotimia tukajengea kaburi. Saruji, vigae vyeupe, msalaba, na kibao changu. Ndugu wakaja, na mama mdogo akapanda kutoka ziwani, miguu imemvimba, kila hatua kumi anasimama na kusema anatazama mandhari. Baada ya sala nikatangaza jambo langu kwa majivuno ambayo hadi leo nikiyakumbuka natafuta kitu cha kufagia. Nikamwita mpwa wangu, binti wa mdogo wetu wa mwisho, anayesomea uuguzi, nikamwambia aelekeze simu yake kwenye kibao. Mtandao ulikataa. Pale kwetu unapatikana ukisimama kaburi la tatu kutoka mparachichi. Akaenda akasimama kaburi la tatu, ukurasa ukafunguka, watu wakapiga makofi.

"Soma kwa sauti," nikasema.

Akasoma. Ana sauti nzuri, ya kwaya. "Marehemu ameacha watoto sita, wa kwanza akiwa..." akataja jina langu. Kwenye karatasi ya msibani hayo ya mwisho hayakuwepo. Niliyaongeza pale steshenari, kwa kuwa maneno ni mepesi.

Nikamtafuta mama mdogo kwa macho. Alikuwa anatazama kibao kama mtu anayetazama mizani asiyoiamini.

Alinikuta jioni namenya ndizi. Akakaa kwenye kigoda, akachukua kisu cha pili, akamenya ndizi mbili kabla ya kusema.

"Mwanangu, hilo la kwenye bati linaisha lini?"

"Haliishi, mama mdogo."

"Hata mvua ikinyesha?"

"Bati linaweza kuoza. Maneno yapo mahali pengine. Yanakaa milele."

"Kwa hiyo mimi nitakosekana mpaka lini?"

Nilikata ndizi vibaya. Kidole kikatoka damu. Hakukishika, na mimi sikukionyesha.

"Msibani sikusema kitu," akaendelea, sauti yake ya kawaida kabisa. "Maneno ya msibani watu wanaondoka nayo, yanaishia kwenye basi. Mwaka ule tulipomzika mama... tulipomzika bibi yenu, yalisomwa mambo nikajua nayo yatapita. Mimi nimeishi hivyo. Watu wanasahau, na mimi napumzika. Sasa hili halisahauliki. Linafutwaje?"

"Sijui kama linafutika."

"Ulimlipa mtu?"

"Nilimlipa."

"Mwenye kulipa si ndiye anayeamuru? Nenda kamwambie afute."

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa yule dada kabla hajafungua kufuli. Nikamweleza, si yote, nikamwambia kuna mtoto aliyesahaulika. Akavua miwani akaifuta kwa khanga.

"Mama, siku ile uliniuliza kama haifutiki."

"Nakumbuka."

"Ukaondoka, ukarudi, ukaniuliza tena."

"Nakumbuka, nimesema."

"Sasa nitafanyaje?"

Nilijaribu kila njia niijuayo. Nikamwambia nitalipa mara mbili. Nikamwambia nitamletea usipa, ndoo nzima, siyo kopo la sado. Nikajifanya naondoka nikafika mpaka barabarani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu muuzaji hakuniita nirudi. Nikarudi mwenyewe.

"Kibao unaweza kukibandua," akasema, kwa upole. "Ila ule ukurasa utabaki huko ulipo, hata kama hakuna anayeutafuta. Ninachoweza ni kuongeza wa pili. Tutaandika kwamba wa kwanza una kosa, na ukweli ni huu. Zitakaa zote mbili, na tarehe zake. Atakayesoma ataona ulikosea lini na ulisahihisha lini."

Nilikwenda kwa baba mdogo kwanza, kwa sababu nilitaka mtu wa kumlaumu. Nilimkuta anaanika kahawa. Nikamwambia wewe ndiye uliyeniambia nisimhesabu.

Aligeuza kahawa kwa mguu muda mrefu. "Mimi nilikuwa nahesabu ukoo wangu," akasema. "Mama alikuwa wako."

Nikashuka ziwani na kiroba cha maharage mapya. Sikuhesabu kona.

Nyumba ya mama mdogo iko hatua chache kutoka mchangani. Nilimkuta kwenye kichanja anageuza usipa. Ameketi, kwa kuwa kusimama kulikuwa kumeshamshinda. Pale kituo cha afya walimwambia moyo umepanuka, apunguze chumvi. "Mtu anayeanika usipa apunguze chumvi," akasema. "Hao waganga ni wacheshi kuliko wewe." Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza: haifutiki, ila inaongezeka. Alisikiliza huku anaondoa mchanga kwenye samaki.

"Basi niandikie. Ila usiandike mtoto wa nje. Usiandike alipatikana kabla ya ndoa. Kabla ya ndoa nini? Niliachwa kama kitu kilichosahaulika kwenye basi. Andika wa kwanza."

"Nitaandika wa kwanza."

"Na wewe utakuwa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Sema tena."

"Wa pili."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Na andika magauni."

Magauni sikuyajua. Akanisimulia. Kila mwaka baada ya mavuno mama alikuwa anashuka, kikapu cha maharage kichwani, na ndani ya maharage, lisichafuke, gauni moja limekunjwa. Alishonesha kwa fundi wa Mbinga. Na kila mwaka gauni lilikuwa dogo. Fundi alimuuliza mtoto ana kimo gani, na mama alipima kwa mkono hewani, pale mtoto alipofika mwaka uliopita. Bibi alilifumua ubavuni, akaongeza vipande vya khanga. "Shule nzima nilijulikana kwa magauni yenye mbavu za rangi nyingine," mama mdogo akasema. "Nikiwa mdogo niliona aibu. Baadaye nikawa natamani bibi aache, lisinitoshe tu, nilitunze kama alivyolileta."

"Yote yalikuwa madogo?"

"Moja lilinitosha. La kipaimara. Sijui siku hiyo alimpimia fundi kwa mtoto wa nani." Akanitazama. "Labda alikusimamisha wewe."

Nilikumbuka. Nilikumbuka nimesimama kwa fundi, mrefu kuliko umri wangu, naambiwa ninyooshe mikono juu, na gauni halikuja nyumbani. Nililia wiki nzima. Mama aliniambia fundi amelipoteza. Nikamwambia mama mdogo hivyo hivyo, kwamba nililia. Akacheka mpaka akakohoa, akashika kifua. Tulikaa pale na harufu ya usipa na hakuna aliyegeuza samaki.

Niliandika yote kwenye daftari langu. Pale steshenari, yule dada alichapa bila kuinua macho. Alipofika kwenye mbavu za rangi nyingine aliacha kuchapa akanyanyuka kwenda kutazama mashine ya fotokopi, ambayo ilikuwa imezimwa.

"Leo huombi nipunguze?"

"Leo chapa."

Kibao cha pili nilikipigilia mwenyewe chini ya kile cha kwanza. Cha kwanza sikukibandua. Halafu nikaenda kusimama kaburi la tatu, nikampigia mama mdogo.

"Shikamoo dada," nikasema.

Nikaitazama simu kama imekatika. Nilisikia kuku wa huko, na mtu anapiga kasia kwenye ubavu wa mtumbwi.

"Marahaba, mdogo wangu."

Nikamsomea. Marehemu ameacha watoto saba. Wa kwanza alilelewa ziwani na bibi yake. Kila mwaka baada ya mavuno marehemu alimpelekea gauni. Nilipomaliza akasema, "Soma tena." Nikasoma tena, polepole, mpaka kwenye gauni la kipaimara lililomtosha.

"Ile ya kwanza bado ipo?"

"Ipo, dada."

"Haya." Akavuta pumzi, ilikuwa ndefu na yenye kelele. "Hilo lililonitosha, hukuandika rangi."

"Hukuniambia rangi."

"Wewe si ulisimama nalo kwa fundi?"

"Nililiona likiwa na pini. Nilikuwa na miaka minane, nakumbuka kulia tu. Niambie, nitampelekea yule dada aongeze ukurasa mwingine. Maneno ni mepesi."

"Usiongeze." Akaniambia rangi. Akaitaja mara moja, kwa neno la Kinyasa, halafu kwa Kiswahili ili asinipe nafasi ya kukosea. "Hiyo usiipeleke kwenye mashine yako. Hiyo tukae nayo mimi na wewe. Tukifa iishe."

Dada alifariki kabla maharage hayajatoa maua. Watoto wake walinipigia alfajiri, wakaniomba wasifu. Niliandika kwenye basi, daftari juu ya magoti, kona zote zile. Nikahesabu watoto wake, wajukuu wake, na ndugu zake, nikarudia, hesabu zikalingana. Nilipofika kwenye mstari wa mzazi niliandika wawili, aliyemzaa na aliyemlea. Nilisoma hivyo mchangani pale, mbele ya wazee wa ufukweni walionijua tangu zamani kama mtoto wa dada yake. Kuna bibi mmoja aliyeinua kichwa ghafla, akashika mkono wa mwenzake, halafu akakiinamisha tena. Binti mkubwa wa marehemu aliniomba karatasi tulipomaliza. Akaikunja mara nne, akaiingiza kifuani. Sikuipiga picha.

Wakaita mashada. Nilisubiri waite ndugu wa marehemu, nikaenda na wadogo zangu watano, tukapanga mstari. Maua yangu, ya rangi moja tu, niliyatafuta Mbinga nzima, maduka yote mawili, na kwa bei waliyonitajia nililipa bila kusema neno. Mdogo wetu wa mwisho akaninong'oneza pale pale kaburini: dada, hiyo rangi gani umenunua, watu watasema nini?

Nikamwambia ndiyo yaliyokuwa yamebaki dukani.